Golikipa na Mwenyekiti wa Kijiji

Kapalamsenga, katika wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ni mahali ambapo watu huamka alfajiri kwenda shambani au kwenda machimbo ya shaba, na jioni hukutana katika banda linaloonyesha mpira. Kwa umbali, wako karibu zaidi na Kalemie ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, kuliko walivyo karibu na Dar es Salaam. Hata hivyo ukiwasikiliza wakizungumza utadhani Jangwani na Msimbazi ni vitongoji vya kata yao. Jambo hilo hatulilaumu. Mtu aliyechimba mwamba tangu asubuhi anastahili kupumzika, na mpira ni pumziko lililo halali kuliko mengi tunayoyafahamu.

Tunalotaka kulisema leo ni jingine. Tulikaa na wafanyakazi hao jioni moja, wakawa wanabishana juu ya jambo lililokwisha kupita, yaani mchezo wa Novemba 5, 2023, Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1 katika uwanja wa Benjamin Mkapa. Swali lao lilikuwa moja: je, Aishi Manula alistahili kusimama golini siku ile?

Kwa wasomaji wasiofuata mambo hayo, tueleze. Manula alitoka Azam kwenda Simba mwaka 2017, na kwa miaka kadhaa nafasi ya mlinda mlango ilikuwa yake, katika klabu na katika timu ya Taifa. Aprili 2023 akaumia. Akaingia kijana Ally Salim, ambaye mpaka wakati huo alihesabiwa kuwa golikipa wa tatu. Kijana huyo alisimama Aprili 16 na Simba ikaifunga Yanga 2 kwa 0. Akasimama mbele ya Wydad ya Casablanca, ambako Simba ilitolewa kwa penalti tu. Na Agosti 13 mwaka ule ule, kule Mkwakwani Tanga, katika Ngao ya Jamii, akazuia penalti 3 za Yanga na Simba ikachukua ngao. Kisha ikaja Novemba. Manula akarudishwa golini akiwa ametoka katika majeraha ya muda mrefu, na matokeo yake kila mtu anayajua.

Basi wale ndugu wa Kapalamsenga walivyolichambua jambo hilo, sisi tulistaajabu. Mmoja alisema kocha alimrudisha mkubwa kwa kuwa ni mkubwa, si kwa kuwa yu tayari. Mwingine akamjibu kwamba mabao manne ya kipindi cha pili hayakuwa ya golikipa peke yake, kwani mabeki walikwisha kuchoka na viungo walikuwa wamefungua njia. Wa tatu, mzee mwenye kofia ya Yanga, akasema neno la haki kwa mpinzani wake: kwamba Manula hakupoteza ujuzi, alipoteza miezi. Hapana aliyemtukana mwenzake. Kila mmoja alikuwa na tarehe, na hesabu, na sababu. Walikumbuka pia kwamba baada ya hapo nafasi ilikwenda kwa Ayoub Lakred wa Morocco, na mwaka 2024 ikaenda kwa Moussa Camara wa Guinea, na kwamba Manula mwenyewe alirudi Azam mwaka 2025. Hawakuona ajabu. Golini, walisema, hukaa anayezuia.

Tukawauliza, nanyi mwenyekiti wenu wa kijiji mlimchaguaje?

Pakawa kimya kidogo. Kisha yule yule aliyekuwa mkali juu ya kocha akasema, "Mhariri, yule ni mtu wetu." Tukauliza amefanya nini. Akarudia kwamba ni mtu wao. Mwingine akasema kwa kucheka kwamba alitoa jezi seti moja na mpira mpya. Tukauliza mkutano mkuu wa kijiji wa mwisho ulisoma mapato kiasi gani. Hapo hakuna aliyekuwa na tarehe, wala hesabu, wala sababu.

Tunaandika haya bila kuwacheka ndugu hao, kwani tungewapata wa namna hiyo hiyo Manzese, na Kirumba, na hata katika ofisi za magazeti. Lakini jambo lenyewe ni zito, nasi wa Chama hatuwezi kujifanya hatulioni. Mtu anayeweza kupima kazi ya golikipa kwa kipimo cha haki namna ile hakosi akili ya kumpima mwenyekiti wake, wala diwani, wala katibu wa tawi. Kuna kitu kinachomfanya aiache akili hiyo mlangoni pindi anapoingia katika siasa.

Kitu cha kwanza, kwa maoni yetu, ni jezi. Katika siasa zetu tumewazoeza watu kuuliza huyu ni wa nani kabla ya kuuliza huyu anafanya nini. Wako wanaofika mpaka kuchanganya rangi zenyewe: kwa kuwa Chama ni kijani na njano, na Yanga nayo ni kijani na njano, mashabiki wengine husema Chama ni chao tangu awali. Ni mzaha, nao hauna ubaya. (Mashabiki wa Simba huvaa kijani siku ya Chama bila kunung'unika, jambo ambalo hatudhani wenzao wangeliweza kama rangi ya Chama ingalikuwa nyekundu.) Lakini ukweli ni kwamba Chama hakina klabu. Ismail Aden Rage alikuwa mwenyekiti wa Simba huku akiwa mbunge wetu wa Tabora Mjini. Marehemu Yusuf Manji alikuwa mwenyekiti wa Yanga huku akiwa diwani wetu wa Mbagala Kuu. Na Juma Kaseja, aliyewatoa Zamalek ya Misri kwa penalti mwaka 2003 akiwa na Simba, alikuja kudaka Yanga pia. Mikono ilikuwa ile ile. Aliyesema mikono hiyo ni mizuri ikiwa Msimbazi na ni mibovu ikiwa Jangwani, huyo alikuwa haangalii mpira.

Kitu cha pili ni mipira na jezi zinazogawiwa. Kila unapokaribia wakati wa kura za maoni, vijijini huzuka makombe: kombe la fulani, ng'ombe kwa mshindi wa kwanza, mbuzi kwa wa pili. Vijana hucheza, wazee hushangilia, na mtoa kombe husimama katikati ya uwanja akapunga mkono. Hatuwakatazi viongozi kupenda michezo. Lakini tunajua tofauti baina ya anayeleta mpira mwaka wa kwanza wa uongozi wake, kisha akauleta tena mwaka wa pili na wa tatu, na yule anayeuleta wiki sita kabla ya kura. Nchi hii ilikwisha kupita njia hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitengua vifungu vya sheria vilivyohalalisha takrima katika uchaguzi, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kubadili jina la takrima na kuiita kombe hakuifanyi kuwa kitu kingine.

Tuongeze neno moja hapa, maana limetukaa moyoni. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo klabu zetu zingelifunga katika mashindano ya Afrika, na baadaye akaongeza. Ilikuwa heri kubwa na iliwatia wachezaji ari. Mwaka ule ule Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho. Lakini fedha ilihesabiwa kwa goli lililofungwa. Goli lililozuiwa halikuwa na bei. Katika uongozi pia, wananchi wengi wanaona tu lililofungwa: jengo lililozinduliwa, utepe uliokatwa. Mwenyekiti aliyezuia ardhi ya kijiji isiuzwe kwa siri, au aliyekataa kutia sahihi katika malipo yasiyo halali, huyo ni golikipa aliyezuia penalti gizani, na hapana anayempigia makofi.

Sasa turudi Kapalamsenga, kwa sababu huko ndiko tulikopata jambo lililotufanya tuandike. Wakati wa mazungumzo yale kijana mmoja alieleza, kwa vijiti juu ya mchanga, namna timu inavyopangwa kwa 4-4-2: mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Alieleza vizuri sana. Tukamwambia, je, unajua kwamba halmashauri yako nayo ina 4-4-2? Akadhani tunatania. Hatukuwa tunatania. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hiyo kwa sababu fedha nyingi zilikwenda kwa vikundi hewa na nyingine hazikurudi. Kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Kijana yule ana miaka chini ya 35, anachimba shaba kwa zana za kuazima, na hakuwahi kusikia habari ya fedha hiyo. Alikuwa akiijua mipango ya makocha wa nchi za mbali, lakini mpango uliowekwa kwa ajili yake, katika wilaya yake, hakuujua.

Hilo si kosa lake peke yake, wala si kosa lake kwanza. Lilikuwa jukumu la mwenyekiti na la mtendaji kulisema. Lilikuwa jukumu la tawi la Chama kuuliza kama limesemwa. Sheria yataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake. Hali kadhalika Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, yamtaka mwenye leseni ya kuchimba aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii inayomzunguka na akubaliane na serikali za mitaa juu yake. Mahali penye shaba, hayo si mambo madogo. Wako wapi waliouona mpango huo ukisomwa hadharani?

Wako watakaosema tunawachokoza wanachama dhidi ya viongozi wao. La. Golikipa anayewekwa benchi hakufukuzwa nchini wala hakuitwa msaliti. Hufanya mazoezi, na siku yake ikifika huitwa tena. Ndivyo tungependa iwe katika matawi yetu. Hivi sasa mwanachama anayesema kwamba katibu amechoka huulizwa ametumwa na nani.

Na kuna hatari kubwa zaidi, nayo hatutaki kuipita kana kwamba hatukuiona. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, Chama chetu kilichukua karibu viti vyote vya vijiji na mitaa. Katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, timu moja kubwa ya upande wa pili haikuwamo uwanjani. Wasemao ilijitoa na wasemao ilitolewa, wote tumewasikia. Siku ile vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa, watu wakafa, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekwa katika amri ya kutotoka nje usiku. Rais aliunda tume ya kuchunguza. Kuchoma mali hatukuhalalishi. Lakini roho za Watanzania waliokufa hatuwezi kuzihesabu kama mabao, na yatupasa tujiulize sisi wenyewe, kabla ya kuwauliza wengine, ni vijana wangapi walikwisha kuamini kwamba hata wakimwona golikipa amechoka hakuna atakayewasikiliza. Shabiki asiye na matumaini ya kubadilishwa kwa mchezaji hakai tena jukwaani akabishana kwa tarehe na hesabu.

Chama chetu huchagua viongozi wake wa ndani kila miaka mitano, tangu shina mpaka Taifa. Kilifanya hivyo 2017 na 2022, na zamu inayofuata ni 2027, mwaka ambao nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, imepewa Kombe la Mataifa ya Afrika. Tunaliomba tawi la Kapalamsenga, na kila tawi linalosoma gazeti hili, lisingoje mwaka huo. Lidai mkutano wa kijiji wa robo hii. Lidai mapato na matumizi yabandikwe ukutani penye macho ya watu, na hapo penye banda la mpira ndipo penye macho mengi. Lidai afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri aje aeleze ile 4-4-2 ya fedha, na masharti ya kuunda kikundi, kwa lugha aliyotumia kijana wetu juu ya mchanga.

Na mwenyekiti atakapouitisha mkutano huo, tunamsihi kwa heshima zote atazame kwanza ratiba ya ligi. Akiuweka saa ambayo Simba na Yanga wako uwanjani, tutajua kwamba hakutaka watu waje.