Mwacheni Twiga Apande Treni

Kuna behewa moja la kuchezea ninalolipenda kuliko riwaya nyingi nilizosoma mwaka huu. Lilitolewa na kampuni ya Lionel ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni behewa la mizigo la kawaida, ila paa lake lina tundu, na kwenye tundu hilo ametokeza twiga, shingo na kichwa. Kando ya reli unasimamisha mlingoti wenye nyuzi zinazoning'inia juu ya njia. Treni inakuja, twiga kasimama wima, na wewe unajua kabisa atagongwa. Akifika pale anainamisha kichwa, anapita, halafu anakiinua tena kama vile hakuna kilichotokea.

Ndiyo hayo tu. Nimemwonyesha mtoto, nimemwonyesha profesa wa fasihi, wote wawili wamesema neno lile lile: "Rudia."

Lakini ukiingia miongoni mwa watu wazima wanaojenga reli za mfano, wale wenye vyumba vizima vya milima ya plasta na stesheni za kadibodi, utakuta behewa hili ni aibu ya familia. Wapo wanaolimiliki kwa siri. Wengine watakwambia kwa sauti ya upole, kama daktari anayetoa habari mbaya, kwamba hilo ni toi, na wao hawafanyi matoi. Wakali wao wana jina ndani ya uraibu huo: wahesabu ribiti. Watahesabu ribiti ubavuni mwa injini yako, wakikuta imepungua moja, basi umekwisha.

Nina kisa nao, na afadhali nikiseme mapema ili msomaji ajue ninasemea wapi. Mwaka jana nilipeleka kwenye maonyesho ya klabu moja, katika mji wa Marekani ninakoishi, kiberenge nilichokiunda kwa mikono yangu. Kilikuwa bodi ya daladala yenye mstari wa rangi ubavuni, juu ya magurudumu ya treni, na konda wa sentimita 2 ananing'inia mlangoni. Mpwa wangu wa miaka minane ndiye aliyempaka konda rangi ya shati. Kiberenge kilizunguka mara tatu, watoto wakaanza kukusanyika. Mzee mmoja wa klabu akaja, akakinyanyua kwa vidole viwili kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi, akanirudishia mkononi. "Hapa tunafanya reli za kweli," akasema. Mpwa wangu akaniangalia. "Mjomba, kwani hii yetu ni nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo, ingawa ni refu kidogo.

Tuanze na hilo neno "kweli". Eti basi juu ya reli halipo duniani. Kampuni ya reli ya Rio Grande Southern, kwenye milima ya Colorado, ilikuwa hoi kifedha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Abiria walikuwa wachache, treni ya mvuke ilikula pesa, lakini mkataba wa kubeba barua haukufaa kupotea. Mafundi wakachukua magari ya kifahari, Buick na Pierce-Arrow, wakayafunga magurudumu ya treni na kuyaunganisha na sanduku la mizigo kwa nyuma. La kwanza liliingia kazini 1931. Watu wakayabandika jina la Galloping Goose, bata bukini anayekwenda mbio, maana relini yaliyumba hivyo hivyo. Sasa niambieni, kati ya bata huyo na daladala langu, kipi ni cha kubuni zaidi?

Au twendeni Brighton, Uingereza, 1896. Hapo ilifunguliwa reli iliyopita ndani ya bahari. Reli zenyewe zililazwa chini, maji yakazifunika, na behewa likasimama juu ya miguu ya chuma yenye urefu wa mita 7 hivi, likitembea baharini kama korongo. Kwa kuwa lilikuwa majini, sheria ilitaka liwe na mashua ya uokoaji na nahodha mwenye cheti. Treni yenye nahodha, jamani! Ilidumu mpaka 1901. Mtu akiiunda leo kwa kipimo kamili, ribiti kwa ribiti, na kuipeleka kwenye maonyesho bila maelezo, atafukuzwa pamoja nami.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusijifanye tumezaliwa na treni zenye adabu tu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye ndiyo kwanza ametoka ikulu ya Marekani, alipanda Reli ya Uganda kutoka Mombasa. Sehemu ya safari hakukaa kwenye behewa. Aliketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini, upepo usoni, akitazama wanyama. Rais mstaafu juu ya pua ya garimoshi, katika nchi ya twiga! Muungwana yeyote wa klabu angekiita kitu hicho katuni.

Kwa hiyo hoja ya "haikuwepo" imekufa. Tuje kwenye ya pili, kwamba wao wanaiga uhalisia na sisi tunauharibu. Kipimo kinachotumiwa sana kinaitwa HO, moja kwa 87. Mapindo ya reli katika seti nyingi za nyumbani yana nusu kipenyo cha sentimita 46 hivi. Zidisha kwa 87 utapata mita 40. Hakuna injini kubwa ya njia kuu inayoweza kupinda ndani ya mita 40, itatoka relini na kulala kifudifudi. Treni halisi ya mizigo yenye urefu wa kilomita moja na nusu ingehitaji mita 17 za meza, na nani ana sebule ya mita 17? Kwa hiyo kila mmoja wao anapunguza na kudanganya. Siwalaumu hata kidogo. Frank Ellison, mmoja wa waandishi wakubwa wa uraibu huu, alieleza katika miaka ya 1940 kwamba reli ya mfano ni jukwaa la tamthilia, na treni ndizo waigizaji. Naafiki kabisa. Ila ukishakubali kwamba ni jukwaa, utamzuia mchekeshaji kupanda kwa sheria ipi?

Shahidi wangu mkuu ni mtu ambaye wao wenyewe wanamheshimu kama nabii. John Allen wa Monterey, California, alijenga reli iliyoitwa Gorre & Daphetid, yenye makorongo yanayoanzia sakafuni. Yeye ni miongoni mwa watu waliowafundisha wenzao kuchakaza treni zao kwa makusudi, kuzipaka kutu, masizi na vumbi, ili zionekane zimefanya kazi. Uhalisia wanaojivunia leo kwa sehemu kubwa ni urithi wake. Na kwenye uwanja wake wa kupanga mabehewa alikuwa na nini? Alikuwa na dinosa. Jina lake Emma, mwenye mabamba mgongoni, akivuta mabehewa kwa zamu kama injini ya kawaida. Hata jina la reli yenyewe ni mzaha: litamke kwa sauti kwa Kiingereza, utasikia "yenye damu na iliyoshindwa". Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza karibu kazi yote. Wanaolia mpaka leo kwa ajili ya makorongo yale hupenda kumsahau Emma. Mimi nasema Emma na kutu vilitoka kwenye jicho lile lile.

Hapa najua nitakatizwa. "Basi kila kioja ni sanaa?" Hapana, wala sitetei takataka. Mwaka 1957 Lionel hao hao walitoa treni ya wasichana: injini ya waridi, mabehewa ya rangi za peremende, njano laini, zambarau, buluu. Haikuuzika. Maelezo yanayorudiwa tangu wakati huo ni kwamba msichana aliyetaka treni alitaka treni, ile ile ya kaka yake. Ajabu yake, leo seti hizo zinatafutwa na wakusanyaji kwa bei kubwa, lakini bei haibadilishi neno langu: ilikuwa kioja kibovu. Rangi ilibandikwa juu, chini yake hakuna wazo lolote, ila kumdharau mtoto. Vivyo hivyo mabehewa ya siku hizi yanayotolewa kila Krismasi, sanduku lile lile, picha mpya ubavuni. Kwa hayo naungana na wahesabu ribiti, tena kwa mikono miwili.

Twiga ni habari nyingine, na tofauti yake ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Zamani kwenye reli za Marekani, wafanyakazi wa breki walitembea juu ya paa la mabehewa treni ikiwa mwendoni. Kabla ya handaki au daraja la chini, ziliwekwa kamba zinazoning'inia juu ya njia. Zikikupiga kichwani gizani, unajua una sekunde chache za kulala chini, au ufe. Wapo waliokufa. Mlingoti wa twiga ndio huo huo. Mbunifu wa behewa lile alichukua chombo halisi cha usalama, akakielewa, akauliza: nani mwingine ana kichwa kinachofika huko juu? Mzaha mzuri wa reli unatoka ndani ya kanuni za reli. Mbovu unatoka kwenye kopo la rangi.

Mchungaji Awdry alilijua hilo. Kitabu chake cha kwanza cha injini zenye nyuso kilitoka 1945, baada ya kumsimulia mwanawe aliyelazwa na surua. Injini zinanung'unika, zinaringa, zinanuniana, lakini ishara za njia, ratiba na kazi ya fundi vinafuata taratibu za reli. Uzeeni alilalamika alipoona televisheni ikizivunja taratibu hizo. Uso kwenye injini haukumsumbua. Kilichomsumbua ni reli isiyo na sheria.

Wasomaji wa ukurasa huu mmeshaona ninakoelekea. Tumelelewa na sungura anayemlaghai fisi, na hakuna aliyewahi kusimama baada ya "Pakawa!" akauliza sungura alisomea wapi kuongea. Tunachodai ni kwamba sungura awe mjanja kwelikweli na tumbo la fisi liwe tumbo la fisi. Halafu tukikua tunaanza kuhesabu ribiti. Kezilahabi alipotoka kwenye uhalisia wa Rosa Mistika akatupa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, wapo waliouliza kama hizo bado ni riwaya. Hapa tunafanya riwaya za kweli, bwana. Sauti ni ile ile ya mzee wa klabu, vidole vile vile viwili.

Na hasara yake ni halisi. Wanaonyanyuliwa relini ni wale wale siku zote: mtoto, mgeni, mtu aliyekuja na kitu ambacho wenyeji hawajakiona. Wenye nyumba hubaki na chumba safi, ribiti zimetimia, halafu wanashangaa kwa nini viti vya wageni viko wazi.

Maonyesho yanarudi mwezi ujao. Nitakwenda na kiberenge, na mpwa wangu atakuwepo. Nimefanya marekebisho mamoja. Mzee yule hakuligusa kabisa jambo hili, lakini kwenye mzunguko wa tatu kiberenge kilichepuka pale reli inapogawanyika, kwa sababu magurudumu ya nyuma yalikuwa yamebanana mno. Hilo lilikuwa kosa. Nimeyapanua, nimeyapima kwa kipimo sahihi, nimekiendesha jioni nzima bila kuanguka. Anayetaka kukitoa relini safari hii aje na hoja ya namna hiyo.