Adapta Si Kigeuzi: Istilahi na Usalama wa Tarakilishi

Wapenzi wa Kiswahili wamebishana kwa miaka mingi kuhusu majina kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mjadala huo una faida yake, ila umekomea kwenye jina la chombo. Vilivyomo ndani yake havijapewa maneno ya kutosha, na humo ndimo mna hatari ya moto.

Mfano mmoja ni adapta ya umeme, yaani kipande cha kebo kinachounganisha plagi mbili zisizooana. Ikiitwa kigeuzi, msomaji atadhani kwamba inageuza nguvu za umeme. La hasha! Hugeuza umbo la mdomo tu; uwezo wa plagi inakochomekwa hubaki vilevile.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Plagi ya SATA, iliyoundiwa diski, ina pini 3 za volti 12, kila moja ikibeba ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5, yaani wati 54. Kadi ya michoro yenye tundu la pini 6 yaweza kudai wati 75. Anayeviunganisha viwili hivi kwa adapta huitwika plagi mzigo usio wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini pini hazidanganyiki: hupata joto, na plastiki ikayeyuka.

Hata mzigo ukiwa mdogo, muundo una uzito wake. Katika baadhi ya adapta za kutoka Molex hadi SATA, nyaya hufunikwa kwa plastiki iliyomiminwa. Waya uliokaa kombo humo hauonekani, na nyaya zikigusana hutokea shoti. Katika nyingine, kila waya hubanwa mahali pake. Hizi ndizo za kuchagua. Tena, tarakilishi izimwe na kuchomolewa ukutani kabla ya kufunguliwa.

Yamkini mtu atadai kwamba maelezo ya Kiingereza yanatosha. Hata hivyo, mnunuzi na muuzaji katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi hupatana bei kwa Kiswahili. Iweje tahadhari iachiwe lugha nyingine? Idara za Kiswahili hazina budi kuketi na wahandisi na kuunda istilahi zinazosema kweli. Istilahi potovu darasani hupunguza alama. Kwenye umeme huunguza nyumba.