Kabla hujatuma pesa ya hoteli, ulizia bwawa

Mzazi mwenzangu, Desemba inakaribia na matangazo ya hoteli za ufukweni yameshaanza kujaa kwenye simu yako. Kabla hujatuma hata senti, piga simu ya video uombe wakuonyeshe bwawa la kuogelea, siku hiyohiyo. Wakianza kuzungukazunguka, jua kuna jambo.

Likizo iliyopita tulikwenda Bagamoyo, kilomita kama 70 kutoka Dar. Chumba shilingi 180,000 kwa siku, pesa ya kibubu cha miezi minane, na siku mbili tulishazilipia. Picha walizotutumia nadhani zilipigwa hoteli ikizinduliwa, maana tulikuta televisheni ya chogo, kiyoyozi kinadondoshea maji kitanda cha watoto, na chandarua chenye matundu ya kupitisha kunguru.

Hayo mtu anavumilia. Bwawa, hapana. Maji yalikuwa ya kijani hata ngazi ya pili huioni, na kijana wa mapokezi ananiambia, "Waache tu waingie mama, dawa tumeshaweka." Maji usiyoona sakafu yake mtoto haingii. Si habari ya macho kuwasha na tumbo kuuma peke yake. Mtoto akizama humo humwoni, na anayezama mara nyingi hapigi kelele. Wanangu wakakaa pembeni na maboya yao mikononi, mdogo analia.

Ikaja bili. Godoro la ziada 30,000 kwa kila mtoto, chai yao ya asubuhi wanatoza mbali, na juu yake VAT ya asilimia 18 ambayo tangazo halikuitaja. Baba watoto akasema tulipe yaishe. Nikamwita meneja, nikamwekea tangazo lake na picha ya bwawa niliyopiga asubuhi ile. Sikupaza sauti. Akarudisha pesa ya siku ya pili na kufuta magodoro.

Tukaenda Kaole, watoto wakakimbia kwenye magofu na chini ya mbuyu mpaka wakachoka, kisha tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo unapopiga simu, uliza pia kama bei ni ya chumba au ya kichwa, mtoto analipa kuanzia miaka mingapi, na kama kodi imo. Wakujibu kwa ujumbe wa maandishi, usiufute. Lipia siku moja kwanza. Na chandarua beba chako.