Kabla ya kamba kufunguliwa, tusikie honi

Ndugu wasikilizaji, na ninyi familia mliokimbia vita mkavuka ziwa Kivu na watoto na magodoro, leo nina neno na watu wa bandari.

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, watu wakiiangalia toka ukingoni. Makumi walikufa. Mapigano yalikuwa yamefunga barabara, ndiyo maana wengi walipita majini. Mashua ile haikugongwa. Ilijaa kupita kiasi. Toka siku ile tunasema juu ya uzito na jile za kuokoa, na ni haki. Lakini jile inamsaidia mtu aliyekwisha kuanguka majini. Nani anasema juu ya kuzuia mashua mbili zisigongane usiku ama kwenye ukungu?

Baharini neno hili lilipatiwa sheria zamani. Sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana ziliandikwa 1972, zikaanza kutumika 1977. Vyombo viwili vya injini vikija uso kwa uso, kila kimoja kinapinda kuume. Mlio mfupi mmoja wa honi: ninapinda kuume. Miwili: ninapinda kushoto. Mitatu: injini yangu inarudisha nyuma. Mitano ya haraka: sielewi unachotaka kufanya, angalia! Kwenye ukungu, chombo cha injini kinachotembea kinapiga mlio wa sekunde 4 mpaka 6, tena na tena, bila kupitisha dakika 2. Chombo kisichofika mita 12 hakilazimishwi kuwa na honi ya meli, lakini lazima kiwe na kitu cha kutoa sauti inayosikika. Hata mtumbwi wa makasia unatakiwa uwe na tochi tayari.

Ukisema hivi bandarini, unajibiwa: "Hiyo ni ya bahari, hapa ni ziwa." Kweli, hakuna meli inayotoka baharini ikafika Kivu. Lakini mbao ikigongwa inavunjika tu, maji yawe ya chumvi ama hapana. Na nani amewakataza wakubwa wa ziwa kuweka sheria kama hiyo hapa?

Wengine wanasema: "Kusafiri usiku kunakatazwa, basi yamekwisha." Hayajakwisha. Wavuvi wa sambaza wanafanya kazi usiku, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, nyavu ziko majini. Hao hawawezi kupinda haraka. Sheria ya bahari inamwambia mwenye injini ampishe mvuvi wa namna hiyo. Mvuvi ana taa, tena anaimba akipiga kasia. Unamsikia kabla ya kumwona. Mwenye injini ndiye hasikii kitu, kwa sababu injini yake inamziba masikio. Aweke basi mtu kule mbele, wa kuangalia na kusikiliza.

Kuna jibu la tatu, na hilo naliheshimu: honi na taa usiku zinaweza kuita watu wa bunduki. Kama ni hivyo, mashua ingoje asubuhi. Kubeba watu gizani, bila taa wala sauti, ni kucheza na roho za wengine.

Bandarini yuko wa kukata tiketi, yuko wa kuhesabu magunia, yuko wa kodi. Hakuna hata mmoja anayemwambia kapiteni: piga honi yako tusikie, washa tochi yako tuione. Kazi hiyo haichukui dakika moja.

Mtaniambia msafiri aulize mwenyewe. Aulize, ndiyo. Lakini mama aliyekimbia risasi na watoto hana nafasi ya kuchagua mashua. Kwa hiyo deni hili si lake. Ni la mwenye mashua aliyepokea nauli, na la yule aliyepokea kodi akaiacha mashua iondoke.