Tupime Udongo Kabla ya Kununua Dawa Nyingine

Wakhayo wenzangu, nanyi jirani zetu wa Malaba, nyanya zinanyauka zikiwa bado kijani nasi tunakimbilia agroveti. Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mnyauko wa bakteria. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, fedha ya dawa ibaki mfukoni.

Udongo wenyewe nao una shida yake. Wakulima wa Hola na Bura huhangaika na udongo wa chumvi. Sisi, mashamba mengi yametushinda kwa uchachu. Mvua imeosha kalsiamu miaka mingi, kisha tukaongeza DAP msimu baada ya msimu, mbolea ambayo amonia yake huzidisha tindikali. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, nayo fosforasi hukwama. Ule weusi kwenye kitako cha nyanya, tunaoupulizia dawa ya ukungu, mara nyingi ni uhaba wa kalsiamu na maji yasiyo na mpango. Mbolea nayo ni chumvi: ukiirundika shimoni, inaunguza mizizi michanga, na bakteria hupenda kuingilia penye jeraha.

Mtu mmoja hawezi kuumaliza mnyauko. Bakteria husafiri kwa maji, kwa jembe, kwa miche. Ukitupa mimea iliyougua kwenye mfereji unaoshuka mto Sio, mwenzako wa chini anamwagilia ugonjwa wako.

Basi kila kikundi, kabla ya mvua za masika, kichote udongo sehemu kumi au zaidi za kila shamba, kina cha sentimita 20, kiuchanganye na kuupeleka maabara kupitia afisa wa kilimo wa wadi. Majibu yakitaka chokaa ya kilimo, tuagize lori moja pamoja; bila kipimo tusiimwage, maana ikizidi nayo huharibu. Bonde lililougua lipumzike nyanya, viazi, biringanya, pilipili na hata managu, wote wakipanda mahindi, vitunguu au sukuma wiki kwa misimu kadhaa. Ukikaidi peke yako, umetuangusha sote.

La mwisho ni gumu. Mwenye kitalu kilichougua asiuze miche Busia wala Malaba. Aing'oe na kuichoma. Kumwambia hivyo bila kumlipa ni kumdhulumu, kwa hiyo kila kikundi kitenge akiba ya kumfidia tangu mkutano wa kwanza.