Sumu Majini: Vipimo Vitoke Maabarani

Maji yenye madini ya risasi hayanuki wala hayabadiliki rangi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, waliambiwa na vipimo vya damu kwamba wamekwisha kudhurika. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na Mahakama ya Upeo ikaiidhinisha Desemba 2024. Fidia, hata hivyo, haiondoi risasi katika ubongo wa mtoto.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 tu za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa. Mitambo mikubwa ya kupimia kiasi hicho kidogo ni ghali mno kwa vijiji vyetu. Ndiposa tunaipongeza njia ya umeme. Elektrodi hutiwa majini, ikavuta ayoni za metali zikaganda juu yake. Kisha volteji hubadilishwa polepole, na kila metali huyeyuka katika volteji yake yenyewe. Mkondo unaopita wakati huo hutaja sumu na kiasi chake.

Msingi wa elimu hii uliwekwa mjini Prague mwaka wa 1922 na Jaroslav Heyrovský, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1959. Yeye alitumia matone ya zebaki. Sumu, ajabu, ikawa chombo cha kusakia sumu! Leo watafiti huipaka elektrodi nyenzo mseto, kama vile kaboni iliyochanganywa na chembe za bismathi zipimwazo kwa nanometa, yaani sehemu ya bilioni ya meta. Udogo huo huzipa nafasi kubwa ya kunasia ayoni.

Lakini tusishangilie mapema. Mara nyingi elektrodi hizi hujaribiwa kwa maji safi yaliyotiwa metali kwa makusudi. Mto una tope na mabaki ya majani yaliyooza. Hayo huziba elektrodi au huzishika ayoni, kipimo kikasoma pungufu. Kipimo kinachoyatakasa maji yenye sumu ni hatari kuliko kukosa kipimo.

Kwa hivyo twavitaka vyuo vikuu vyetu vikajaribu vifaa hivi katika mito ya Migori, ambako wachimbaji wa dhahabu hutumia zebaki, na kulinganisha majibu na yale ya mitambo mikubwa. Nao walimu wa kemia, wanapofundisha elektrolisisi, wawaulize wanafunzi maji ya shule yao yalipimwa lini, na yalipimwa nini.