Saa ya Mazoezi Nayo ni Kipimo, Basi Kipimo Kitimizwe



Leo tuzungumze juu ya saa. Si ile ya dhahabu ya kuvaa siku ya walima, bali saa ya mazoezi yenye GPS, inayohesabu hatua, kilomita na mapigo ya moyo, na siku hizi inaonyesha hata kibla na nyakati za swala. Saa hizi zimeshaingia kwenye masanduku ya maharusi. Kaka akitoka Dubai au Muscat humletea dada yake, na mchumba humnunulia mwenzake ili wapunguze mwili pamoja kabla ya harusi. Nasi tunaotembea baada ya swala ya alfajiri hapa Uyole, Mbeya, hijabu kichwani na sweta juu ya baibui kwa sababu ya baridi, tunazo na tunazipenda.

Wapo watakaosema mwanamke wa Kiislamu na saa ya mbio wapi na wapi. Hao tuwakumbushe kwamba tarehe 11 Agosti 2024 Sifan Hassan alishinda marathoni ya Olimpiki jijini Paris, akapanda jukwaani kuvishwa dhahabu akiwa na hijabu yake. Afya ni amana, na kuitunza hakuvunji stara.

Malalamiko yetu ni haya: saa ikigundulika ina hitilafu kwenye programu yake, kampuni inachukua muda mrefu mno kuirekebisha, na muda wote huo inaendelea kuiuza kama bidhaa isiyo na kasoro.

Saa zetu tulikwenda nazo Unguja harusini. Tuliporudi Uyole kilomita zilihesabiwa sawasawa na ramani ilionyesha Mbeya, lakini nyakati za swala zilibaki za Unguja. Kampuni hatuitaji jina. Tuliiandikia mwezi wa Rajabu. Shaabani wakajibu kwa adabu kwamba hitilafu hiyo wanaifahamu, na kwamba sasisho, yaani marekebisho ya programu yanayotumwa kwenye saa kupitia simu, linakuja hivi karibuni. Ramadhani ikaingia. Tukala Idi, Shawwal ikaisha. Saa ikawa bado inatuadhinia ya Unguja. Katikati ya hapo kampuni ikatangaza saa mpya, yenye mikanda ya rangi nne.

Mtu wa kisiwani anaweza kuuliza kuna ubaya gani, si nchi moja na saa za ukutani zinasoma sawa? Saa za ukutani ndiyo, jua hapana. Dunia hujizungusha nyuzi moja kwa kila dakika nne. Unguja ipo kwenye nyuzi 39 za mashariki na kitu, Uyole ipo kwenye 33 na nusu. Tofauti hiyo ya karibu nyuzi sita inalifanya jua la Uyole lizame kama dakika 20 na ushee baada ya la Unguja, zikizidi au kupungua kidogo kwa msimu. Sasa mchukue bi harusi aliyeolewa Mbeya akitokea Mjini Magharibi, yuko peke yake nyumbani mwezi wa Ramadhani, msikiti uko mbali, mvua inanyesha na wingu limetanda. Saa mkononi inamwambia magharibi imeingia. Anafungua kwa tende, na jua bado lipo. Qur'ani imetuamrisha tutimize saumu mpaka usiku. Hapo si suala la kukosea nusu kilomita ya mazoezi, ni ibada ya mtu.

Tusiilaumu mitambo isiyohusika. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, ziko juu kiasi cha kilomita 20,000, na saa yako ikizipata angalau nne inajua ulipo. Setilaiti zilijua tuko Uyole. Kilichokwama ni programu iliyoandikwa na kampuni, nayo hakuna anayeweza kuirekebisha ila wao. Fundi wa saa wa Mwanjelwa atabadilisha betri au kioo, lakini programu hana mlango wa kuingilia. Ndiyo maana sasisho si hisani. Ukinunua saa ya namna hii hujanunua kitu kilichokwisha kutengenezwa. Umenunua kitu na ahadi ya kuendelea kukitunza.

Ahadi hiyo ina uzito hata pasipo kosa la mtu. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha unarudi sifuri. Ulirudi sifuri Agosti 1999, ukarudi tena usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na utarudi Novemba 2038. Kifaa cha zamani ambacho programu yake haikuandaliwa kinaweza kujikuta kimerudi nyuma karibu miaka 20. Kwa hiyo kampuni ikikutelekeza, saa nzima na inayong'aa inaweza kukuonyesha tarehe ya siku ambayo hukuwa hata umevunja ungo.

Sisi huku Nyanda za Juu Kusini mambo ya vipimo tunayajua kwa uchungu. Hii ni nchi ya viazi na mahindi. Miaka mingi mkulima amelia na lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu likapita kilo 100 zinazoruhusiwa, naye akalipwa bei ya gunia moja. Serikali ikalipiga marufuku. Na mizani ya sokoni Wakala wa Vipimo huikagua kila mwaka na kuiwekea alama. Muuza viazi akikutwa na mizani inayodanganya hasemi "marekebisho yanakuja hivi karibuni" huku akiendelea kupimia watu. Mizani inawekwa pembeni kwanza.

Dini yetu ilishalisema hilo kabla ya wakala yeyote. Ipo sura nzima, al-Mutaffifin, inayoanza kwa onyo kwa wanaopunja vipimo. Na tunajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Kosa lake halikuwa mvua. Kosa lake lilikuwa kuificha. Programu kuharibika ni mvua, kila mtengenezaji inamnyeshea. Kuuza huku unajua, bila kumwambia mnunuzi, huko ndiko kuweka nafaka kavu juu.

Tuwe waadilifu. Hatudai haraka. Sasisho lililotumwa bila kujaribiwa linaweza kuizima saa moja kwa moja. Na mambo makubwa hutokea: Julai 2020 huduma za Garmin zilizimwa siku kadhaa baada ya kampuni hiyo kushambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na watu dunia nzima wakashindwa kuhamisha mazoezi yao kutoka kwenye saa. Mwenye akili anaelewa. Sisi mafundi cherehani ndio wenye sifa mbaya ya "njoo kesho", kwa hiyo tunaijua kazi inayochelewa inavyokuwa. Bi harusi ukimwambia gauni linahitaji wiki tatu kwa sababu shela ina kazi ya mkono, anakubali na anakushukuru. Ukimwambia "njoo kesho" mara nne, humpi gauni na humpi nafasi ya kutafuta fundi mwingine. Kinachomuumiza si wiki tatu, ni kutokuwa na tarehe.

Wenzetu wameshaliona. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2022 muuzaji wa bidhaa yenye programu ndani anawajibika mnunuzi apatiwe masasisho kwa muda unaostahili. Uingereza, tangu Aprili 2024, mtengenezaji anatakiwa aseme wazi ni muda gani atatoa masasisho ya usalama. Sisi tunayo Tume ya Ushindani upande wa Bara, na Zanzibar ina tume yake ya ushindani halali. Tunaziomba ziitazame saa kama zinavyoitazama bidhaa nyingine: kwenye boksi iandikwe programu itatunzwa mpaka mwaka gani, na hitilafu inayojulikana mteja aambiwe kabla hajatoa pesa.

Wakati tunasubiri, dada zetu, tusinunue kwa macho. Kabla hujaiweka saa kwenye sanduku la harusi, muulize muuzaji maswali matatu. Programu ya saa hii ilirekebishwa mara ya mwisho lini? Itaendelea kutunzwa hadi lini? Simu ya bi harusi inakubaliana nayo, au itabidi anunue simu mpya ndipo masasisho yaingie? Muuzaji asiyejua hata moja, mwombe akuulizie, na risiti yako iweke.

Na kwenye ibada, saa iwe msaidizi, isiwe imamu. Ukisafiri, hakikisha mji ulioandikwa ndani yake ni mji uliopo, na kama kuna sehemu ya kuuchagua mwenyewe, uchague. Magharibi ilinganishe na ratiba ya msikiti wa hapo ulipo kabla hujaiamini. Sisi Ramadhani hiyo tulifuturu kwa adhana ya msikiti wa mtaani, saa zikiwa mkononi zinahesabu hatua za kuelekea tarawehe, kazi ambayo kwa kweli zinaiweza.

Kampuni nazo tuziandikie, moja moja na kwa majina yetu, tukitaja tarehe tuliyonunua na tukidai tarehe ya marekebisho. Mteja anayenyamaza huhesabiwa kuwa ameridhika.

Wabillahi tawfiq.